Maji ya Moto ya Fundi

Watu wakiniuliza nani alinifundisha injini ya dizeli, mwanamke mimi niliyeolewa nikijua jembe na kitabu cha nyimbo tu, huwa namtaja Fundi, halafu nanyamaza. Wanadhani nanyamaza kwa heshima. Heshima gani? Nanyamaza kwa sababu nikiendelea nitatukana, na mimi ni mzee wa kanisa.

Jina lake nalijua, lakini hata siku zile hakuna aliyelitumia. Wengine walikuwa fundi cherehani, fundi baiskeli, fundi saa. Yeye alikuwa Fundi, basi. Alikuja kwetu Lushoto akitokea upande wa Bulwa, ambako kwa miaka mingi alitunza injini za kiwanda cha chai. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu kinauzwa, kila mahali wanapunguza watu. Shamba lao lilipopata mwenye mali mpya, naye akapunguzwa. Akafika kijijini kwetu na sanduku la mbao lenye spana, akapanga chumba nyuma ya duka lililopakana na mashine ya kusaga. Kabla ya Bulwa alikuwa wapi, sisi hatukuuliza na yeye hakusema.

Mashine hiyo ndiyo iliyotukutanisha. Ilikuwa mali ya kijiji, injini ya silinda moja, ya kuzungusha kwa hendeli, na ilikuwa imelala miaka miwili kwa sababu kila mwenyekiti alimwachia anayefuata kazi ya kuitengeneza. Ruksa ilipokuja, kijiji kikaamua kuiuza. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi nikaitaka. Ukoo ukakaa kikao. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akasema mbele ya wote, "Mwanamke na injini, wapi na wapi?" Nikabishana mpaka sauti ikanikauka. Mwisho wakakubali niuze shamba la bondeni, lile la kabichi, nichukue mashine, kwa sharti moja: shamba la juu, lenye kahawa na mapeasi, litabaki mikononi mwangu maadamu mashine inasaga. Siku mashine ikifa, shamba linakwenda kwa shemeji. Nikasema sawa. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira hukubali mambo haraka.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Fundi amesimama mbele ya injini, mikono nyuma, anaiangalia tu.

"Shikamoo Fundi."

Nikarudia. Akauliza bila kugeuka, "Nani alikuwa anaitunza hii?"

"Kijiji."

"Kijiji hakina mikono," akasema. Kisha ndipo akaitikia, "Marahaba."

Aliifufua, nikamwajiri, nikaja kujua kwamba huo ndio mtindo wake. Ukimwamkia, anaangalia injini kwanza. Akikuta vumbi la unga kwenye chujio la hewa, shikamoo yako inakaa hapo hapo hewani mpaka ulifute. Wazee wetu walimwona hana adabu. Mimi nilimwona hivyo pia, lakini nilifuta.

Kitu alichonitia kichwani kuliko vyote ni usafi wa mikono. Mafundi wote niliowahi kuwaona hunawa baada ya kazi. Fundi alinawa kabla. Alikuwa na sabuni yake ya mche, ameikata kipande, ameifunga kwenye kitambaa. "Uchafu wa mkono wako ndio unaoingia kwenye pampu," aliniambia. "Injini haifi kwa uzee, Mama Eliza. Inauawa." Akishanawa hashiki kitu kingine, hata mlango alisukuma kwa kiwiko. Na maji ya baridi hakuyataka. "Maji ya moto," anasema, nami napanda mpaka jikoni kwangu, nachochea kuni, nasubiri, nashuka na beseni. Akifikia kufungua kile kifuniko cha juu ya injini, kila baada ya miezi michache, alitaka maji mengine, mapya. Nikapanda tena. Nilimsifu sana kwa hilo. Niliwahi kusimama mbele ya akina mama wa kanisani nikawaambia tumwige Fundi, mtu anayeheshimu kazi yake mpaka ananawa mara mbili.

Usinielewe vibaya, alinifundisha. Nisiposema hilo nitakuwa mwongo. Kwetu ukungu unaweza kukaa wiki nzima, na ukungu unaingiza maji kwenye pipa la dizeli. Alinifundisha kuliacha pipa litulie siku tatu tangu lipande kutoka Mombo, kuteka kutoka juu, na kuchuja kwa kipande cha blanketi zito. Alinifundisha kutoa upepo: unalegeza nati ya bomba, unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza dizeli ikiwa bado inatoka. Oili alinifundisha kuipima kwa vidole na pua. Nilipokosea hakunipiga kelele. Alifungua tena nilichofunga, akaweka spana chini, akasema, "Anza." Siku moja nilifunga chujio la dizeli mara sita toka asubuhi mpaka saa nane, wanawake na madebe yao ya mahindi wamekaa kwenye foleni wananung'unika. Mara ya sita akasema, "Sasa hata nikifa utasaga." Nililia kwa furaha siku ile. Mjinga mimi.

Alisikiliza kwa mpini wa jembe. Ncha moja anaiweka kwenye mwili wa injini, nyingine sikioni, na macho anafumba. Alinipa na mimi nisikilize. Mwanzo nilisikia kelele tu. Baada ya mwaka nikaanza kutenganisha: huu ni mkanda, hii ni pampu, hii tik-tik-tik ya juu ni nini? "Hiyo ni yake," akasema, akaniondolea mpini. Nilimwuliza tena siku nyingine. Akanijibu, "Mtu akipumua unamwuliza kwa nini anapumua?" Nikacheka, yakaisha.

Alikuwa na ndevu mpaka kifuani. Tangu tumfahamu hakuna aliyewahi kumwona amenyoa. Lakini mfuko wa shati lake la kazi haukukosa pakiti ya nyembe. Tulimtania. Mwenye duka alikuwa akimwuliza, "Fundi, hizi nyembe unamnyolea nani?" Naye anajibu, "Nakunyolea wewe siku ukifa." Sisi tukadhani anakatia gasketi. Kila mtu ana vitu vyake.

Kuhusu kifo hakuwa na haya. Desturi yetu ni kwamba kukiwa na msiba kijijini mashine inazimwa mpaka maiti azikwe. Hakuna anayeamrisha, unazima tu. Siku moja akaja mtu mbio kutuambia mzee fulani ametutoka, na hapo injini imesaga tangu alfajiri, imechemka. Nikakimbilia kuizima. Fundi akanishika mkono. Akatoa mkanda wa kinu, akaiacha injini izunguke polepole, bila kazi, dakika kumi nzima, na kilio kinasikika kutoka juu ya kilima. Watu wakaja mlangoni. "Fundi, kuna msiba!" Akawajibu, "Marehemu hana haraka. Chuma cha moto ukikizima ghafla kinapasuka." Walimchukia. Miezi miwili hakuna aliyemkaribisha chakula ila mimi, na kila nilipompelekea sahani aliuliza kama nimenawa.

Na mtu huyu huyu, nilipougua malaria nikalala siku tisa, aliiendesha mashine peke yake. Alisaga, akafagia, akamwita mke wa mwanangu apokee mahindi kwa vile yeye hakupenda kusemeshana na foleni. Nilipoinuka nilikuta kila kitu mahali pake, na hata jembe langu la bustanini limetiwa mpini mpya. Hakutaka ahsante. Shemeji alipokuja siku moja kuchungulia kama mashine imekufa, Fundi alimwambia, "Injini haijui gauni, bwana. Inajua nani ameilisha." Shemeji aliondoka amekunja uso, nami nilitamani kumkumbatia Fundi pale pale. Ndiyo maana nasema uchungu wangu si wa mtu aliyedhulumiwa na mwizi. Mwizi unamtukana ukalala vizuri.

Alikaa nasi miaka sita. Baridi ya Julai ikamwingia magotini, binti yake aliyeolewa Mnazi, kule chini kwenye joto, akaja kumchukua. Nilimpa blanketi. Nikamwuliza kwa heshima, kama mwanafunzi, "Fundi, kuna kitu sijakijua?" Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la spana. Akaangalia injini, akaniangalia mimi. "Unajua kunawa mikono," akasema. "Inatosha."

Miezi minne baadaye ile tik-tik-tik ya juu ikazidi. Ikawa tak, tak, tak, mpaka wanaosubiri wakaanza kuulizana. Nikafikiri, hapa pamelegea. Sufuria ikigongagonga unakaza kifuniko, au siyo? Nikanawa kwa maji ya moto, kama nilivyolelewa. Nikafungua kile kifuniko cha juu kwa mara ya kwanza kwa mikono yangu mwenyewe. Nikaona vyuma viwili vinavyosukuma mikia ya valvu, vile vilango vya pumzi ya injini, na katikati yake kuna kijinafasi, chuma kinacheza. Nikasema, kumbe ni hapa. Nikachukua spana, nikakaza mpaka hakuna kinachocheza tena. Nikafunga. Nikazungusha hendeli.

Jamani, ililia vizuri! Ilitulia, hakuna kugonga, sauti laini mpaka mwenye duka akatoka kusikiliza. "Mama Eliza, umemshinda Fundi," akasema. Nikajiona mtu. Jumapili ile niliimba kwa sauti kuliko kwaya.

Siku ya kumi ikaanza kukosa nguvu. Debe moja la mahindi linasagwa kwa muda wa madebe matatu. Moshi mweusi. Siku ya kumi na mbili nikazungusha hendeli ikazunguka kirahisi tu, haina upinzani, haina pumzi. Haikuwaka. Nikatoa upepo, nikabadili chujio, nikamwaga oili, nikafanya vyote nilivyofundishwa. Nikatuma watu Mnazi kumtafuta Fundi. Wakarudi wakasema amekwenda kutibiwa Tanga. Mahindi ya watu yakakaa mashineni bila kusagwa, wenyewe wakaja mmoja mmoja kuyachukua. Bwana mmoja huko chini barabarani alikuwa amefungua mashine yake mpya, nyekundu. Foleni yangu ikahamia kwake.

Shemeji alisubiri mwezi mzima, simlaumu kwa hilo. Akaja na wazee wawili wa ukoo. "Mashine inasaga?" akauliza. Nikasema haisagi. Hawakukaa hata kunywa chai. Wiki hiyo hiyo akapeleka vibarua kwenye shamba la juu, na mapeasi niliyopanda na mume wangu tukiwa wachumba, aliyakata ili kahawa ipate jua. Ukisimama mlangoni kwangu unayaona magogo. Nimeyaangalia miaka mingi.

Injini niliifufua, maana mimi si mtu wa kulala chini. Nilifungua silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, nikaifunga kwenye kanga, nikashuka nayo Mombo kwa fundi mmoja wa malori. Akaigeuza, akaniambia papo hapo, "Umeunguza valvu. Nani alizikaza hivi?" Nikasema mimi. Hakunicheka. Akanieleza kwamba chuma kikipata moto kinarefuka, kwa hiyo lazima uache nafasi, vinginevyo valvu haifungi kabisa na moto unapita pembeni, unaila. Ile tik-tik ndiyo afya yake. "Nafasi kiasi gani?" nikauliza. Akatia mkono mfukoni, akatoa nyembe. "Injini ikiwa baridi, nyembe nne zinapita. Ya tano inakataa. Basi."

Somo la dakika tano tu. Nilisimama katikati ya gereji nimeshika nyembe nne, nikazikumbuka zile ndevu. Nikakumbuka kila beseni la pili la maji ya moto nililolishusha kwa miaka sita, na kila niliporudi nikakuta kifuniko kimeshafungwa, Fundi anafuta mikono. Sikuwahi kukiona kikiwa wazi hata mara moja. Nilikaa kwenye tairi la lori nikalia mbele ya wanaume nisiowajua.

Nilikwenda Mnazi baada ya miaka mitatu. Nilichelewa makusudi, niende nikiwa nimepoa, lakini sikupoa. Njiani kwenye pikapu nilipanga maneno yangu yote, la kwanza mpaka la mwisho. Nilichukua na kikapu cha mapeasi, ya kununua sokoni, nimweleze kwa nini ni ya kununua.

Nilimkuta uani kwa binti yake, kwenye kivuli cha ukuta, amekonda. Mikono ilikuwa inatetemeka hata akiiweka juu ya magoti. Ndevu zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba," akajibu papo hapo, maana hapakuwa na injini ya kuangalia kwanza. "Injini haijambo?"

"Ilikufa. Niliiua mimi."

Akaniangalia kidogo tu. "Ulikaza."

Nikayaruka maneno yote niliyoyapanga. "Ulijua nitakaza?"

"Asiyefundishwa hukaza. Kila mmoja. Kelele inamsumbua."

"Fundi, nimepoteza shamba! Shemeji amelichukua. Mapeasi ya marehemu yamekatwa, yote! Kwa ajili ya nyembe nne!" Nilikuwa nimesimama, napiga kelele uani kwa watu. Binti yake akachungulia dirishani akarudi ndani. "Nilikulisha. Nilikutetea. Nilikuuliza mbele ya macho yako kama kuna kitu sijakijua!"

Alingoja mpaka nikakaa.

"Kule kwenye chai nilimfundisha mmoja," akasema. "Alikuwa msaidizi wangu. Mtu mzuri, ana adabu, mwanafunzi kuliko wewe. Nilimpa mpaka la mwisho. Mwenye mali mpya alipokuja akauliza, nani anajua injini? Wakamwambia, wawili. Akauliza, nani anakula kidogo? Orodha ya wanaopunguzwa ikabandikwa ukutani. Jina langu lilikuwepo, lake halikuwepo. Yeye ndiye aliyenibebea sanduku mpaka kituoni, analia."

"Mimi si yeye."

"Najua. Yeye nilimpa vyote. Wewe nilikupa vyote isipokuwa kimoja, ili mniite." Akajitazama mikono. "Kisha magoti yakanitoa, na nikashindwa kukisema. Kingenitoka vipi? Ningekuambia kwamba miaka sita nilikuwa nakufukuza kwa beseni la maji?"

Sikumsamehe. Naandika hivyo kwa sababu atakayesoma haya atasubiri niseme nilimsamehe. Nilimmenyea peasi, nikalikata vipande vidogo kwa vile mikono yake haikuweza, akala. Alikula polepole. Akaniuliza kama nanawa bado. Nikasema nanawa. Akaniuliza nani anapima valvu sasa.

"Mimi mwenyewe."

"Ngapi?"

"Nne. Ikiwa baridi."

Akatikisa kichwa kukubali. Akatafuna. Halafu akasema, "Na mke wa mwanao? Yule aliyepokea mahindi ulipougua. Bado yuko mashineni?"

"Yuko. Anatoa upepo vizuri kuliko mimi."

"Chujio?"

"Anafunga akiwa amefumba macho."

"Na valvu?"

Nikaangalia kikapu. Shamba la bondeni niliuza. Shamba la juu limekwenda. Mwanangu akitaka kesho kunipeleka kwa ndugu zangu na kubaki na mashine, atakachokosa ni hicho kimoja tu. Sikumwambia Fundi hayo. Hakuyahitaji.

"Ukifungua kifuniko," akauliza taratibu, "unamtuma nini?"

"Chumvi. Namtuma chumvi dukani."

Fundi akafikiri, kama alivyokuwa akifikiri zamani na mpini wa jembe sikioni.

"Duka liko karibu mno," akasema. "Atarudi hujamaliza."